Muthirigu na Magazeti: Ngoma Ilivyogeuzwa Habari, 1928–1930

Historia ya fasihi simulizi katika ukanda wa Thika na Ruiru haitenganiki na historia ya magazeti. Harry Thuku, aliyelelewa na misheni ya Kambui, si mbali na Ruiru, alikuwa mpangaji chapa katika gazeti la walowezi, Leader, kabla ya kutoa karatasi yake mwenyewe, Tangazo, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mei 1928 chama cha Kikuyu Central Association kikaanzisha Muigwithania, Jomo Kenyatta akiwa mhariri. Humo methali na mila zilipigwa chapa bega kwa bega na siasa ya ardhi.

Mwaka 1929 misheni kadhaa ziliwataka waumini waikane tohara ya wanawake. Wengi walijibu kwa Muthirigu, ngoma iliyoenea upesi Kiambu na Fort Hall (Murang'a ya leo), wilaya zinazopakana karibu na Thika. Januari 1930 serikali iliipiga marufuku.

Mwezi huohuo mmisheni Mmarekani, Hulda Stumpf, aliuawa Kijabe. Kifo chake kilihusishwa mara moja na mgogoro wa tohara, ingawa uhusiano huo haukuthibitishwa kamwe. Kwa msomaji wa mbali, ngoma sasa ilinuka damu. Kenyatta naye, katika barua yake kwa The Times, London, Machi 1930, aliweka mila miongoni mwa madai matano ya chama, pamoja na ardhi, elimu, kodi na uwakilishi. Utetezi ulikuwa wa lazima. Hata hivyo, sanaa ilibaki kuwa kifungu cha ombi.

Ikumbukwe kwamba Muthirigu ulikuwa gazeti la namna yake. Fanani aliweza kuongeza ubeti juu ya jambo la jana na kumtaja chifu au mmisheni kwa jina. (Wala haifai kuutakasa: matusi yake yaliwaangukia pia wasichana wasiotahiriwa, ambao sauti zao hazisikiki wimboni wala magazetini.)

Aidha, sehemu kubwa ya beti zinazojadiliwa leo zilinusurika kwa kuandikwa na kutafsiriwa na maofisa na wamisheni, yaani wale wale waliotaka zizimwe. Mhakiki anayezinukuu bila kutaja asili hiyo anahakiki hati ya mashtaka. Mtafsiri wa aina hiyo alitafuta jina la mtukanwaji na neno la uchochezi. Kiitikio, takriri na mwendo wa miguu havimo katika majalada yake.