Gharama ya Neno: Historia ya Mijadala ya Siasa na Dini baina ya Wasiojuana katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya mijadala ya siasa na dini baina ya watu wasiojuana katika ukanda wa Busia na Tororo, tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi zama za mitandao ya kijamii. Inajenga hoja kwamba mabishano na wageni ni desturi ya zamani ya mpaka huu. Kilichobadilika ni umbali uliopo kati ya anayesema na anayelipa gharama ya maneno yake. Kadiri umbali huo ulivyoongezeka, ndivyo wakazi wa mpakani walivyobebeshwa madeni ya midomo ya mbali. Makala inahitimisha kwamba sera za kufunga majukwaa huuongeza umbali huo badala ya kuupunguza.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya watunga sera wa Afrika Mashariki, mabishano ya mtandaoni huelezwa mara nyingi kana kwamba ni maradhi mapya yaliyoletwa na simu janja. Inasemekana kwamba zamani watu walibishana na jirani wanayemfahamu, na kwamba sasa wanamtukana mtu wasiyemjua kwa sababu ya chama au imani yake. Maelezo haya yana ukweli kiasi, lakini yana kasoro ya kihistoria: hayaulizi wageni walibishanaje kabla ya intaneti.

Kiswahili chenyewe kinatupa mahali pa kuanzia. Neno “mgeni” lina maana ya mtu asiyejulikana, na pia mtu aliyepokelewa. Katika maana hii ya pili, mgeni hukamilishwa na mwenyeji, yaani mtu anayempa nafasi ya kusema na anayewajibika kwa yatakayotokea nyumbani mwake. Makala hii inatumia dhana hizo mbili, mwenyeji na gharama, kusoma upya historia ya mpaka wa Busia na Tororo. Swali lake ni moja: mgeni aliposema, nani alikuwa mwenyeji wa neno lake, na nani alilipa?

2.0 Mpaka, Misheni na Marufuku: 1902–1948

Mwaka 1902 Uingereza ililihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka uliotokana na uamuzi huo unafuata kwa sehemu mito ya Sio na Malaba. Wasamia na Waiteso walijikuta pande zote mbili. Ndugu wakawa raia wa tawala mbili, ilhali reli iliyofika Kampala mwaka 1931 kwa kupitia Tororo ilileta wafanyakazi na wachuuzi wa lugha na dini nyingi. Kwa hiyo, eneo hili lilizoea wageni mapema.

Dini nazo zilikuja kwa mashindano. Wakatoliki wa Mill Hill na Waanglikana walishindania wafuasi mashariki mwa Uganda, na upande wa pili Waquaker walijenga misheni yao Kaimosi mwaka 1902. Mfano ulio wazi zaidi wa mjadala wa kidini na mgeni unapatikana Mbale, kaskazini mwa Tororo, katika maisha ya Semei Kakungulu. Kiongozi huyu aliyeitanua mamlaka ya Waingereza mashariki mwa Uganda alikuwa Mwanglikana. Baadaye alijiunga na Wamalaki, kundi lililoanza mwaka 1914 na kukataa matibabu ya hospitali kwa hoja za Biblia. Kwa kuendelea kuyasoma Maandiko aliwapinga hata wenzake hao, na mwaka 1919 akajitahiri na kuingia katika dini ya Kiyahudi. Muda mfupi baadaye Myahudi mmoja kutoka nje alikaa kwake kwa miezi michache, akamfundisha sala na taratibu za imani hiyo. Jumuiya ya Abayudaya iliyotokana na tukio hilo ipo hadi leo.

Tunachojifunza hapa ni namna mjadala ulivyofanyika. Kakungulu alibadili msimamo mbele ya watu waliomjua, na kwa gharama yake mwenyewe, kwani uhusiano wake na serikali na Kanisa uliharibika. Mgeni aliyemfundisha alikuwa chini ya dari yake. Neno lilikuwa na mwenyeji, na aliyelitamka alilipia.

Tukio la pili linaonyesha kinyume chake. Katika miaka ya 1940, Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji maarufu wa kandanda katika ujana wake, aliongoza Dini ya Msambwa, iliyowataka wafuasi waiache dini ya wamisionari na kumkataa mtawala mgeni. Katika mafundisho hayo siasa na dini hazikutenganishwa. Serikali haikuwa na jukwaa la kumjibu. Ilikuwa na polisi na hospitali ya wagonjwa wa akili. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake Malakisi, karibu na mpaka, na watu wakafa. Mwezi huohuo dini hiyo ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo, mafundisho yake yalivuka mpaka, na ilipofika mwaka 1968 serikali ya Kenya huru nayo ikaona haja ya kuipiga marufuku tena. Dini iliyohitaji kupigwa marufuku mara mbili katika miaka 20 haikuwa imezimwa na marufuku ya kwanza.

3.0 Mihadhara ya Sokoni na Safari ya Kanda

Kuanzia miaka ya 1980, aina mpya ya mjadala wa wageni ilienea Afrika Mashariki: mihadhara ya hadhara ambamo wahubiri wa Kiislamu na wa Kikristo walishindana kwa aya za Biblia na Kurani. Mtindo wa Ahmed Deedat wa Afrika Kusini ulikuwa kielelezo kwa wengi, na wahubiri wa Tanzania waliupa sura ya Kiswahili. Kutoka huko ulienea Kenya na mashariki mwa Uganda, ambako mijadala ya namna hii bado hufanyika katika miji ya masoko.

Mhadhara ulikuwa na kanuni zake. Palikuwa na meza, vitabu, msomaji wa aya, zamu ya kila upande na muda wa maswali. Lugha iliyotumika mara nyingi ilikuwa Kiswahili, lugha ya soko ambayo hakuna kabila la eneo hili linaloweza kudai kuwa ni yake peke yake. Msikilizaji aliweza kukasirika, lakini alikasirika akiwa amesimama kando ya jirani wa dini nyingine, ambaye kesho yake angemuuzia mahindi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kanda za kaseti na baadaye za video. Kanda ilibeba hoja ya mhubiri, kejeli yake na kicheko cha hadhira, ikaacha nyuma mwenyekiti, zamu na jibu la upande wa pili. Mtu wa Busia aliweza kusikia imani yake ikidhihakiwa na msemaji wa Dar es Salaam ambaye hangekutana naye maishani. Tanzania ilionja uchungu wa mivutano hiyo Februari 1998 katika tukio la Mwembechai, ambapo malalamiko juu ya mihadhara yaliishia kwa polisi kuwapiga watu risasi. Kwa mtazamo wa makala hii, kanda ndiyo babu wa video fupi ya simu. Tatizo tunalolihusisha na intaneti, yaani neno kutengwa na mahali liliposemwa, lilianza kabla yake.

4.0 Redio, Meza na Ujumbe wa Simu: 1976–2009

Katika siasa, umbali ulianza mapema zaidi. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, hadi karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda kihistoria. Hoja yake ilichotwa kutoka mabadiliko yaleyale ya mwaka 1902. Mzee Kenyatta alijibu kwa ukali, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kushughulikia mizigo ya Uganda. Wabishani walikuwa Kampala na Nairobi; mizigo iliyokwama ilikuwa ya njia ya Malaba na Busia. Hali ilijirudia Desemba 1987, safari hii kwa risasi, pale askari wa nchi hizo mbili walipopigana Busia baada ya miezi ya shutuma baina ya serikali. Marais Moi na Museveni walikutana Malaba kuupoza mgogoro. Wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi; na mpakani, nyasi hizo zina majina na vibanda vya biashara.

Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya uliobishaniwa, chombo cha umbali kilikuwa ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe wa chuki ulisambazwa bila jina la mtumaji. Rais Museveni alikuwa amempongeza Rais Kibaki mapema, na magharibi mwa Kenya ukaenea uvumi kwamba askari wa Uganda walikuwa wamevuka mpaka, serikali zilikanusha. Reli ya kwenda Uganda iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika Uganda. Wakati huohuo, maelfu ya Wakenya walikimbilia Uganda kupitia Busia na Malaba, na wengi wakapokelewa Mulanda, wilayani Tororo. Hivyo, katika majuma yaleyale ambapo maneno yasiyo na mwenyeji yaliwafanya Waganda kuwa maadui, wenyeji wa Tororo waliwapa wageni wa Kenya mahali pa kulala.

Uganda ilikuwa na njia nyingine ya kubishana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, redio za Kampala zilirusha ebimeeza, mijadala ya wazi iliyopewa jina la Kiganda la meza kubwa. Mtu yeyote aliandikisha jina, akasubiri zamu, akasema mbele ya wapinzani wake, na mwenyekiti akamkatisha alipovuka mpaka. Nairobi nayo ilikuwa na Bunge la Mwananchi katika bustani ya Jeevanjee, lenye spika wake. Septemba 2009, baada ya ghasia zilizotokana na Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga, serikali ya Uganda ilipiga marufuku ebimeeza. Meza iliondoka; hamu ya kubishana ilibaki. Kilichopotea hasa ni mwenyekiti.

5.0 Mtandaoni: 2016–2022

Watumiaji wa mitandao ya kijamii walipoongezeka, mabishano yalihamia mahali pasipo na zamu. Serikali ya Uganda ilijibu kwa kufunga. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016 ilizima mitandao ya kijamii pamoja na huduma za fedha kwa simu. Julai 2018 iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mtumiaji wa mitandao hiyo. Januari 2021 ilizima intaneti nchi nzima usiku wa kuamkia uchaguzi, na Facebook ikaendelea kufungwa hata baada ya intaneti kurudi. Kwa upande wa sheria, mahakama za nchi zote mbili zimeonyesha mashaka. Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano mwaka 2016, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta Januari 2023. Vifungu vyote viwili vilikuwa vipana mno kiasi kwamba mwananchi hakuweza kujua mwisho wa ruhusa na mwanzo wa kosa.

Mpakani, ufungaji huu una sura ya pekee. Mawimbi ya simu hayasomi ramani, na wakazi wengi huwa na laini za nchi zote mbili. Mbishi wa Busia mwenye laini ya Kenya aliweza kuendelea kubishana. Aliyeumia zaidi ni mchuuzi ambaye fedha zake zilikuwa ndani ya simu iliyozimwa. Adhabu ya neno ilimwangukia asiyelisema.

Oktoba 2022 historia ilikaribia kujirudia. Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais Museveni na kamanda wa jeshi la nchi kavu wakati huo, aliandika kwenye Twitter kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi katika muda usiozidi majuma mawili. Wakenya wasiohesabika walimjibu, wengi kwa mzaha, na Waganda wengi wakajiunga katika kumcheka. Rais Museveni aliwaomba Wakenya radhi. Mwanawe aliondolewa katika ukamanda huo, ingawa alipandishwa cheo. Mpaka haukufungwa. Ukilinganisha na mwaka 1976, jambo la kuzingatia ni kwamba redio ilimruhusu mtawala kusema peke yake, ilhali mtandao uliwapa wasiojuana wa nchi mbili nafasi ya kumjibu na kujibizana kwa pamoja. Chombo kilekile kinachobeba matusi kilibeba pia kicheko kilichosaidia kupunguza makali ya tishio.

6.0 Mafunzo kwa Sera

Historia hii inatoa mafunzo matatu. Kwanza, marufuku haikuwahi kumaliza mjadala katika ukanda huu. Iliuhamisha kutoka penye mwenyeji hadi pasipo na mwenyeji, kama ilivyokuwa mwaka 1948 na 2009. Pili, kabla ya kufunga mtandao, serikali ipime gharama kwa mchuuzi na msafiri wa mpakani, kwa kuwa hao ndio hulipa kwanza. Tatu, uwekezaji uelekezwe kwa wenyeji wa maneno: wasimamizi wa makundi ya mtandaoni, watangazaji wa redio za jamii, na viongozi wa dini wa pande zote mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Busia Februari 2018 kimeonyesha kwamba maafisa wa nchi mbili wanaweza kuhudumia wananchi chini ya paa moja. Hakuna sababu ya kuwa na paa moja kwa mizigo, kisha tukakosa lolote kwa uvumi. Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kuwa lugha rasmi Julai 2022, kinafaa kuwa lugha ya kazi hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala hii haidai kwamba mabishano ya ana kwa ana yalikuwa ya upole. Malakisi watu walikufa, na mihadhara ya sokoni imejeruhi nyoyo nyingi. Inachodai ni kwamba mgeni aliyesimama mbele ya hadhira alibeba sehemu ya gharama ya neno lake, na kwamba kila chombo kilichompunguzia mzigo huo kiliuhamishia kwa mwingine. Wakazi wa Busia na Tororo wamekuwa wakiubeba tangu mwaka 1902. Sera itakayowafaa ni ile itakayoanza kwa kuuliza, kabla ya kuamua nani anyamaze, ni nani atakayelipa.