Fuvu la Kalenga

Wahehe huanzia historia ya watawala wao kwa mwindaji. Wazee husimulia kwamba Mufwimi alifika Uhehe akifuata wanyama, akampenda Semduda, binti wa mtawala, kisha nyati akamuua porini. Mtoto wao, Muyinga, ndiye aliyerithi utawala wa babu yake. Katika ukoo huo alitoka Munyigumba, na baada yake mwanawe, Mkwawa.

Wanafunzi wangu wa historia huipenda sana hadithi hiyo. Lakini tukifika makumbusho ya Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, wote husogelea kioo kimoja. Nyuma yake kuna fuvu.

Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Kamanda wao, Emil von Zelewski, aliuawa hapo. Ngome ya Kalenga ikaanguka Oktoba 1894, naye Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi badala ya kukamatwa. Kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi. Kichwa kikakatwa, kikachukuliwa.

Mwaka 1919 jina lake likaandikwa katika Mkataba wa Versailles. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani irudishe Msahafu wa Khalifa Uthman kwa Mfalme wa Hijazi na kuikabidhi Uingereza fuvu la Mkwawa, yote ndani ya miezi sita. Kwa fuvu, ilichukua miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, akachagua moja lenye tundu, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

"Mwalimu, kweli ni lenyewe?" Huwajibu wazi kwamba vipimo vile havimalizi ubishi. Kisha huwaeleza habari za Kandy, Sri Lanka, linakotunzwa jino la Buddha. Inasimuliwa kuwa binti mfalme Hemamali alilivusha bahari akilificha katika nywele zake. Wareno walidai wamelisaga Goa katika karne ya 16; waumini wakaendelea kuliheshimu.

Kwangu, heshima ya Kalenga imo katika kudai. Berlin peke yake yamehifadhiwa mafuvu zaidi ya 1,000 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, na hakuna mkataba unaoyataja. Nayo yana wenyewe. Tuyadai.