Picha ya mshipa wa shingo na hatari ya kiharusi: Inaeleza nini?

MKAZI wa Komarock aliyenunua nyumba yake kwa mkopo mwishoni mwa miaka ya themanini, mtaa huo ulipokuwa ukijengwa kando ya Barabara ya Kangundo, leo hii aghalabu ni mstaafu. Watoto wamehama, deni la nyumba limekwisha, na mazungumzo ya jioni langoni yamebadilika: palipozungumzwa karo, sasa huzungumzwa presha, sukari na nani aliyepatwa na kiharusi juzi. Katika mazungumzo ya aina hiyo, mwandishi wa makala haya alionyeshwa na jirani karatasi kutoka kituo kimoja cha picha za kimatibabu. Ilieleza kwamba mishipa yake ya shingo haikuwa na dosari. Kwa hivyo, alisema kwa furaha, hakuona tena haja ya kumeza vidonge vya presha.

Karatasi ile huenda ilisema kweli tupu. Kosa lilikuwa katika hitimisho la mwenye kuisoma, na ni kosa ambalo mtu anaweza kulilipia kwa uhai wake.

Ateri ni mishipa inayochukua damu kutoka moyoni na kuisambaza mwilini. Ukuta wake una matabaka matatu: utando mwembamba wa ndani unaogusana na damu, tabaka la kati lenye misuli, na tabaka la nje linaloushikilia mshipa mahali pake. Miaka inavyosonga, hususan kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu, kisukari, lehemu nyingi au mazoea ya kuvuta sigara, ukuta huo huanza kunenepa. Lehemu hupenya chini ya utando wa ndani, chembe za kinga ya mwili huifuata huko, na baada ya muda mrefu hutokea gamba la mafuta linalochomoza ndani ya mshipa. Gamba hilo linaweza kukaa miaka mingi bila mwenyewe kuhisi lolote. Likipasuka, damu huganda juu yake. Donge likiziba mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Likisafiri hadi ubongoni, ni kiharusi.

Mishipa ya moyo imejificha kifuani, tena haitulii kwa kuwa moyo unadunda. Ndiyo sababu wataalamu waliigeukia ya shingoni. Ateri mbili za karotidi, moja kila upande, ni kubwa, zimenyooka na ziko karibu na ngozi kiasi kwamba mtu akiweka vidole chini ya taya anahisi mpigo wake. Kila moja hugawanyika matawi mawili: la ndani hulisha ubongo, la nje hulisha uso na ngozi ya kichwa. Kwa vile ugonjwa huu wa mishipa hauchagui sehemu moja tu ya mwili, hali ya shingo huchukuliwa kama kidokezo cha yanayoendelea kwingineko.

Chombo kinachotumiwa ni ultrasaundi, ile ile wanayoijua kina mama wajawazito. Ilianza kupata sifa mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Scotland, walipochapisha picha za tumbo zilizochukuliwa kwa mawimbi ya sauti. Sikio la binadamu halisikii mitetemo inayozidi takriban 20,000 kwa sekunde. Kifaa cha kupimia shingo hutumia mitetemo kati ya milioni saba na milioni 12 hivi. Mawimbi hupita katika nyama za mwili kwa kasi ya karibu mita 1,540 kwa sekunde, hugonga mipaka ya matabaka na kurudi, nayo mashine hukokotoa umbali kutokana na muda uliopita. Hakuna mnururisho kama ule wa eksirei, wala sindano.

Mwaka 1986, Paolo Pignoli na wenzake nchini Italia walionyesha kwamba ukuta wa ateri ukitazamwa kwa ultrasaundi hutoa mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba, na kwamba nafasi iliyo kati ya mistari hiyo inalingana na unene wa tabaka la ndani na la kati yakijumlishwa. Walithibitisha hilo kwa kulinganisha vipimo vya mashine na vya vipande halisi vya mishipa. Tangu hapo, unene huo umepimwa katika shingo za maelfu kwa maelfu ya watu Ulaya, Marekani na Asia.

Anayepimwa hulala chali, huinua kidevu kidogo na kugeuza uso upande wa pili. Mpimaji humpaka jeli shingoni, kisha husogeza kifaa polepole hadi aione sehemu ambapo ateri inaanza kugawanyika. Hushuka kama sentimita moja chini ya hapo na kupima ukuta ulio mbali na ngozi kwa urefu wa sentimita moja, akichukua wastani. Kwa watu wengi wa makamo unene huwa kati ya nusu milimita na milimita 0.9. Gamba hutambuliwa pale ukuta unapochomoza kwa namna ya kipekee, au unapofika milimita 1.5 na zaidi. Mkono wa mpimaji una uzito mkubwa katika shughuli hii. Kifaa kikiinama kidogo tu, ukuta huonekana mnene kuliko ulivyo.

Kwa muda mrefu Afrika ilikuwa haimo katika takwimu hizi. Pengo hilo lilianza kuzibwa na mradi wa AWI-Gen, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, chini ya Profesa Michèle Ramsay. Kati ya 2013 na 2016 mradi huo uliwapima zaidi ya watu 10,000, wengi wao wenye umri wa miaka 40 hadi 60, katika vituo sita: Nanoro nchini Burkina Faso, Navrongo nchini Ghana, Agincourt, Dikgale na Soweto nchini Afrika Kusini, na Nairobi. Msomaji wa Eastlands ana sababu ya kutega sikio hapa, kwa maana kituo cha Nairobi kilisimamiwa na Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Barani Afrika (APHRC), na waliopimwa walikuwa wakazi wa Korogocho, ng'ambo ya Dandora, na wa Viwandani, kando ya Eneo la Viwanda. Kutoka Komarock, ni mwendo wa matatu moja au mbili.

Matokeo ya unene wa mishipa yalichapishwa mwaka 2019, yakihusu watu 8,872. Wastani ulikuwa milimita 0.64. Umri, uzito wa mwili, presha na lehemu mbaya vyote viliandamana na ukuta mnene zaidi. Wanaume walikuwa na ukuta mnene kuliko wanawake, na wale wavutao sigara zaidi. Hayo yalitarajiwa. Ambalo halikutarajiwa na wengi ni kwamba unene mkubwa zaidi haukupatikana katika mitaa ya Nairobi wala Soweto, bali Ghana na Burkina Faso, katika vituo vya mashambani. Aidha, wanaoishi na virusi vya HIV na wanywaji wa pombe walionekana kuwa na ukuta mwembamba kidogo. Asije mtu akaipeleka habari hiyo baa kama cheti cha daktari: utafiti uliopima watu mara moja tu hauwezi kusema kipi kilisababisha kipi, na madhara ya pombe kwa presha yanajulikana vyema. Mwaka 2022 watafiti wa mradi huo walichapisha pia uchunguzi wa vinasaba, wakaona kwamba baadhi ya vinavyohusishwa na unene huo hufanya kazi tofauti kwa wanawake na kwa wanaume.

Funzo kubwa la takwimu hizo kwa daktari wa Nairobi ni la tahadhari. Kipimo kilichowekewa mipaka kwa kutazama wazungu wa Ulaya au Wamarekani hakiwezi kuhamishwa hivi hivi, maadamu hata ndani ya Afrika yenyewe vituo vinatofautiana.

Huko ughaibuni nako kipimo hiki kimepanda na kushuka. Mwaka 2010, miongozo ya vyama vya wataalamu wa moyo vya Marekani ilikikubali kwa watu wasio na dalili ambao hatari yao ni ya wastani. Mwaka 2012 ukaja uchambuzi uliounganisha tafiti 14 zenye watu 45,828. Ulipokadiria hatari kwa vigezo vya kawaida, yaani umri, jinsia, presha, lehemu, sigara na kisukari, kisha kuongeza unene wa ukuta, ulikuta nyongeza hiyo inaboresha makadirio kwa kiasi kidogo mno, asilimia 0.8 tu ya watu. Mwaka uliofuata vyama hivyo hivyo vikashauri unene usipimwe kama jambo la kawaida kwa kila mgonjwa. Chama cha Ulaya cha madaktari wa moyo nacho hakipendekezi unene wenyewe, ila kinakubali kwamba kuonekana kwa gamba kunaweza kumpandisha mtu daraja la hatari. Tofauti hiyo ni muhimu: ukuta mnene kiasi unaweza kuwa uzee tu, lakini gamba ni ugonjwa wenyewe.

Hata hivyo, picha ina nguvu nyingine ambayo hesabu za daktari hazina. Katika jimbo la Västerbotten, Sweden, watu 3,532 wa miaka 40, 50 na 60 walipigwa picha za shingo. Nusu yao walitumiwa picha hiyo, ikiwa na rangi za kuonyesha umri wa mishipa yao, kisha muuguzi akawapigia simu. Nusu ya pili hawakuelezwa. Matokeo ya mwaka mmoja, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kwamba waliojiona kwa macho yao walikuwa wamepunguza hatari yao kuliko wenzao. Aliyeambiwa mara kumi aache sigara bila kutii, huenda akatii akiuona mshipa wake mwenyewe.

Kuna matumizi mengine ya ultrasaundi ya shingo ambayo hayana ubishi. Mtu akipinda mdomo, akikosa nguvu mkononi au kauli ikimpotea hata kwa dakika chache kisha akapona, anastahili kukimbizwa hospitali, na picha ya shingo ni miongoni mwa vipimo vya mapema. Hapo hutazamwa mwendo wa damu kwa kanuni iliyofafanuliwa na Christian Doppler mwaka 1842. Mshipa ukiwa mwembamba, damu hukimbia zaidi pale penye upenyo, kama maji ya mpira uliobanwa kwa kidole. Kasi ikifika sentimita 125 kwa sekunde, hushukiwa kwamba nusu ya njia au zaidi imezibwa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulionyesha mwaka 1991 kwamba wenye dalili ambao mshipa umezibwa kwa asilimia 70 hadi 99 hunufaika na upasuaji wa kuliondoa gamba. Kwa wasio na dalili yoyote, jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga limekataa mara kwa mara, mara ya mwisho 2021, umma upimwe shingo kwa jumla, kwa kuwa wengi wangeingizwa katika upasuaji wasiouhitaji.

Turudi kwa jirani yangu. Shingo safi haikumpa kinga aliyoidhani. Kwanza, huenda vidonge ndivyo vilivyoulinda mshipa. Pili, viharusi si vya kuziba tu. Barani Afrika, sehemu ya vile vinavyotokana na mshipa kupasuka ndani ya ubongo ni kubwa kuliko Ulaya, na mhalifu mkuu ni presha isiyodhibitiwa. Mishipa inayopasuka ni midogo mno, imo ndani kabisa ya ubongo, na picha ya shingo haiioni.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu Mkenya mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Kati ya wenye presha, takriban asilimia 16 tu walijua. Kwa hali hiyo, mkanda wa kupimia presha katika zahanati ya Kayole au katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki huokoa wengi kuliko mashine ya picha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali mapya ya kukadiria hatari kwa kila kanda, ikiwemo Afrika Mashariki, na moja kati yake halihitaji hata maabara: umri, jinsia, sigara, presha, na uzito ukilinganishwa na urefu.

Aliyekwisha kupigwa picha aombe ripoti yenye tarakimu, si neno "safi" peke yake: unene kwa milimita kila upande, kama gamba lipo na liko wapi, na kasi ya damu. Aipeleke kwa daktari anayejua presha na sukari yake, na asiache dawa kabla ya kuonana naye.

Wapo pia wanaoshawishiwa kurudi kila mwaka ili kuona kama mishipa imeboreka. Katika matokeo ya AWI-Gen, kila mwaka mmoja wa umri uliandamana na ongezeko la takriban milimita 0.007. Kuinama kidogo kwa mkono wa mpimaji kunaweza kuzidi kiasi hicho mara kadhaa.