Jani, Jua na Pumzi: Khitilafu ya Wakweli Wawili

Ndugu msomaji, mwembe ulio mbele ya nyumba yako ulianza na kokwa iliyoenea kiganjani. Leo shina lake huenda mtu mmoja hawezi kulikumbatia. Jee, magogo yote hayo yametoka wapi? Ikiwa mti hula udongo, mbona ardhi iliyo chini yake haikudidimia ikawa shimo? Suala hili ni jepesi kuulizwa na mtoto, lakini wataalamu walihangaika nalo kwa muda wa karne na zaidi, na katika kisa chao mna ilimu na mna adabu pia.

Katika karne ya 17, tabibu mmoja wa upande wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, alitaka kuhakikisha jambo hili kwa mizani. Alikausha udongo katika tanuri, akapima ratili 200, akautia chomboni, kisha akapanda mche wa ratili 5. Kwa miaka mitano hakuupa kitu ila maji. Mwisho wa muda huo mti ulifika ratili 169 na kitu, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia 2 tu. Basi akahukumu kwamba mti wote umefanyika kwa maji. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1648, miaka minne baada ya kufa kwake.

Mizani yake ilikuwa sawa, lakini hukumu yake ilikuwa nusu. Na la ajabu ni kuwa huyu ndiye aliyebuni neno "gesi" ambalo leo limeingia hata katika Kiswahili chetu, na aliichunguza gesi itokayo katika makaa yanayoungua. Gesi hiyo, ambayo sasa huitwa kabonidayoksaidi, ndiyo iliyokuwa ikiujenga mti wake. Alikuwa nayo mbele yake asiitambue.

Zaidi ya miaka mia ikapita. Huko Leeds, Uingereza, alikuwapo mhubiri aliyependa kuchunguza hewa, jina lake Joseph Priestley. Ilikuwa imejulikana kwamba mshumaa ukifunikwa ndani ya chombo huzimika, na panya akifungiwa humo hufa. Tarehe 17 Agosti 1771 Priestley alitia kijiti cha nanaa katika hewa iliyokwisha kuharibiwa na mshumaa. Baada ya siku kumi akatia mshumaa mwingine katika hewa ile ile, nao ukawaka vizuri. Panya naye aliweza kuishi katika hewa iliyotengenezwa na mmea. Basi Priestley akasema: mimea huisafisha hewa tunayoichafua sisi. Mwaka 1773 jumuiya ya wataalamu wa London ilimtunukia nishani kwa kazi zake.

Lakini huko Sweden mtengeneza dawa mmoja hodari, Carl Wilhelm Scheele, alijaribu naye. Alifungia mbegu zinazochipua pamoja na hewa, akaona kinyume kabisa: hewa iliharibika. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1777. Priestley mwenyewe aliporudia majaribio yake, mara aliona hewa imesafika, mara aliona imechafuka. Hakuyaficha yaliyompinga, aliyatangaza kama alivyoyaona.

Hapa, ndugu msomaji, simama kidogo. Watu wawili, wote wajuzi, wote waaminifu. Mmoja anasema mmea husafisha, wa pili anasema mmea huchafua. Wangelikuwa mabarazani petu, tungekwisha gawanyika makundi mawili, na kila kundi limekwisha mwita mwenziwe mwongo.

Aliyekata shauri ni tabibu wa Kiholanzi, Jan Ingenhousz, ambaye zamani aliwachanja ndui watu wa nyumba ya kifalme ya Austria. Katika kiangazi cha mwaka 1779 alichukua nyumba karibu na London, akafanya majaribio zaidi ya 500. Hakuanza kwa kuuliza nani mkweli. Aliuliza: mmea ulikuwa katika hali gani ulipotazamwa? Akatia majani katika maji, akayaweka juani, akaona vipovu vya hewa vikitoka. Akayaweka gizani, vipovu vikakoma. Akapasha moto pasipo mwangaza, haukufaa kitu. Akahakikisha kwamba sehemu za kijani tu ndizo zinazosafisha hewa, na kwamba hufanya hivyo zikipata mwangaza. Mizizi, maua na matunda huchafua hewa mchana na usiku, na jani lenyewe huchafua liwapo gizani. Lakini wema wa mchana hushinda kwa mbali madhara ya usiku.

Basi wote wawili walikuwa wamesema kweli. Nanaa ya Priestley ilipata mwangaza. Mbegu za Scheele zilikuwa bado hazina jani la kijani la kufanya kazi.

Baada yao wengine waliongeza. Jean Senebier wa Geneva mwaka 1782 alionyesha kwamba jani haliwezi kutoa hewa njema ila lipate kabonidayoksaidi. Nicolas-Théodore de Saussure, wa mji huo huo, mwaka 1804 alipima akaona kuwa maji nayo huingia katika mwili wa mmea; hivyo van Helmont akapata haki yake ya nusu. Mfaransa Antoine Lavoisier, pamoja na mwenziwe Laplace, walimweka simbilisi katika chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake. Wakajua kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole, jamaa ya kule kwa mshumaa. Na mwaka 1845 tabibu wa Kijerumani, Julius Robert Mayer, alieleza kwamba mimea hupokea nguvu za jua ikaziweka akiba.

Kwa ufupi, mambo ni hivi. Jani huvuta kabonidayoksaidi, mizizi huleta maji, na jua hutoa nguvu. Kwa vitu hivyo jani hufanya sukari, na hutoa oksijeni. Kazi hii huitwa usanisinuru. Sukari hiyo ndiyo asili ya wanga wa muhogo, mafuta ya nazi na mti wa mlango wako. Sisi na wanyama tukila chakula hicho na kuvuta oksijeni, nguvu za jua zilizofungwa humo hufunguka. Ndizo zinazoendesha moyo na kuinua jembe. Kisha tunarudisha kabonidayoksaidi na maji, na jani huvichukua tena. Mmea wenyewe hupumua usiku na mchana kama sisi. Ila mchana hutengeneza kuliko unavyotumia. Kwa hiyo mtu asiogope chungu cha maua chumbani usiku, kwani hewa unayoivuta mmea huo ni ndogo sana kuliko anayoivuta yeye mwenyewe aliyelala.

Watu hawa hawakulipwa wema wote. Julai 1791 ghasia za watu wa Birmingham ziliichoma nyumba ya Priestley pamoja na vyombo vyake vya ilimu, naye baadaye akahamia Marekani. Lavoisier alikatwa kichwa mjini Paris tarehe 8 Mei 1794. Waliowafanyia hayo walikuwa na yakini kubwa kwamba haki iko upande wao; subira ya kuuliza hawakuwa nayo.

Wazazi na walimu, chukueni gugu la majini, litieni katika gilasi safi ya maji. Mtoto mmoja alitazame adhuhuri juani, mwengine alitazame usiku. Kisha waulizeni walichokiona. Watakapobishana, msiharakishe kuamua. Waacheni kwanza kila mmoja amwulize mwenziwe: wewe ulitazama wakati gani?