Ubovu wa giaboksi otomatiki

Ubovu wa giaboksi otomatiki ni hali ambayo giaboksi inayobadilisha gia yenyewe inashindwa kufikisha nguvu ya injini kwenye magurudumu ipasavyo. Hutokea zaidi kwenye magari ya zamani yaliyotembea kilomita nyingi. Si kila ubovu unadai giaboksi ifunguliwe au ibadilishwe. Oili iliyopungua, waya uliokatika, solenoidi iliyokufa au kebo iliyolegea huweza kuleta dalili zinazofanana na za giaboksi iliyokwisha. Kwa sababu hiyo uchunguzi hufanywa kwa mpangilio, kuanzia mambo rahisi ya nje na kuishia ndani.

Makala hii inahusu giaboksi za haidroliki zenye gia 3 hadi 5. Giaboksi za CVT, ambazo hutumia mkanda na puli, zina muundo na oili tofauti.

Historia

Kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Hiyo ilikuwa giaboksi otomatiki kamili ya kwanza kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1948 Buick ilitoa Dynaflow, iliyotumia toki konveta. Kwa miongo mingi gia zilibadilishwa kwa shinikizo la oili pekee. Kuanzia miaka ya 1980 watengenezaji, Toyota miongoni mwao, walianza kutumia kompyuta na solenoidi kuongoza shinikizo hilo.

Katika Afrika ya Mashariki giaboksi za aina hii zimeenea pamoja na magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani.

Sehemu zake

- Toki konveta ni chombo cha mviringo kati ya injini na giaboksi. Hupitisha nguvu kwa mzunguko wa oili, hivyo dereva hahitaji pedeli ya klachi.
- Pampu ya oili huendeshwa na injini. Injini ikizimwa hakuna shinikizo, na ndiyo maana gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.
- Gia za sayari ni gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati. Uwiano wa mwendo hubadilika kulingana na sehemu ipi imeshikwa na ipi imeachwa huru.
- Klachi na bendi hushika sehemu hizo. Klachi ni sahani zenye utando wa msuguano, nazo hubanwa na pistoni inayosukumwa na oili.
- Vali bodi ni bamba la alumini lenye mifereji na vali zinazoelekeza oili kwenye kila klachi.
- Kipoza oili mara nyingi kimo ndani ya rejeta ya injini.

Dalili

Dalili zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Injini hupanda mzunguko lakini gari haliongezi mwendo. Huku huitwa kuteleza kwa gia.
- Gari huchelewa kuondoka baada ya kuwekwa D au R.
- Gia huingia kwa kishindo.
- Gia moja, kwa mfano ya nyuma, haipo kabisa huku nyingine zikifanya kazi.
- Gari hubaki kwenye gia moja tu. Kwenye magari yenye kompyuta hii huweza kuwa hali ya kujilinda baada ya kompyuta kugundua hitilafu.
- Oili huvuja chini ya gari au kuna harufu ya kuungua.

Uchunguzi

Oili. Hatua ya kwanza ni kupima kiwango na hali ya oili. Kwa magari mengi hupimwa giaboksi ikiwa imepata moto, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiunguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha P. Honda huagiza injini izimwe kabla ya kupima, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho hufuatwa. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa na klachi huteleza. Ikizidi, hutoa povu na kuleta matokeo yaleyale. Oili nzuri ya aina ya kawaida huwa nyekundu na angavu. Ikiwa kahawia iliyokoza na inanuka kuungua, utando wa klachi umeungua. Ikiwa na rangi ya maziwa au waridi iliyofifia, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza oili. Hali hii ni ya haraka, kwa kuwa maji hubandua utando wa klachi kutoka kwenye sahani zake.

Kebo na mkono wa gia. Kwenye giaboksi nyingi za zamani kuna kebo inayounganisha ekseleta na vali bodi. Ikilegea, shinikizo hushuka, gia huingia mapema mno na klachi huungua polepole. Kwenye Toyota nyingi, ekseleta ikikanyagwa hadi mwisho, nafasi kati ya kizuizi cha kebo na mpira wake inapaswa kuwa milimita 0 hadi 1.

Umeme. Kwenye Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990, taa ya O/D OFF humeta kuonyesha hitilafu. Fundi huunganisha matundu ya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi, huwasha swichi bila kuwasha injini, kisha huhesabu mimeto. Msimbo 62 ni wa solenoidi namba 1, 63 wa namba 2, 64 wa solenoidi ya kufunga konveta, na 42 na 61 ni za sensa za mwendo. Magari yenye mfumo wa OBD-II, ulio wa lazima Marekani tangu magari ya mwaka 1996, husomwa kwa mashine. Msimbo P0700 husema tu kwamba kuna tatizo katika mfumo wa giaboksi, hivyo misimbo mingine lazima isomwe pia.

Ili kutenganisha kosa la umeme na la ndani, plagi ya solenoidi huchomolewa na gari kuendeshwa kwa kubadilisha L, 2 na D kwa mkono. Gia zikiingia vizuri bila kuteleza, sehemu za ndani kwa kawaida ni nzima na kosa liko kwenye waya, sensa, solenoidi au kompyuta.

Jaribio la kusimama. Magurudumu huwekewa vizuizi, breki ya mkono na ya mguu hushikwa, gia huwekwa D na ekseleta hukanyagwa hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5. Mzunguko ukizidi kipimo cha kitabu, klachi zinateleza au shinikizo ni dogo. Ukiwa chini, injini ni dhaifu au konveta ni mbovu. Mtu yeyote hatakiwi kusimama mbele wala nyuma ya gari.

Sampo. Mwishoni sampo hufunguliwa. Ungaunga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vya chuma, shaba au utando mweusi mwingi humaanisha kwamba giaboksi lazima ifunguliwe.

Matengenezo

Kubadilisha oili, chujio na gasketi ya sampo ndiyo kazi ndogo zaidi. Kumwaga sampo hutoa sehemu tu ya oili, kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya konveta. Aina ya oili iliyotajwa na mtengenezaji lazima ifuatwe. Oili mpya haiponyi klachi zilizokwisha.

Solenoidi na vali bodi mara nyingi hufikiwa kupitia sampo bila kushusha giaboksi. Mahali pa kila kijigololi na springi huandikwa au kupigwa picha kabla ya kuondolewa.

Klachi zikiungua, giaboksi hushushwa na kufunguliwa. Sahani, sili na gasketi hubadilishwa zote, na sahani mpya hulowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa. Kila pistoni hujaribiwa kwa hewa ya kompresa. Konveta hubadilishwa au kukarabatiwa, na mabomba ya kipoza oili husafishwa, la sivyo uchafu wa zamani huharibu kazi mpya. Wakati wa kurudisha, konveta lazima iingie hadi mwisho kwenye pampu. Boliti zikikazwa kabla ya hapo, pampu huvunjika.

Giaboksi ya mtumba huwa nafuu, lakini namba yake, plagi zake na hali ya oili yake hukaguliwa kabla ya kununua.

Usalama

Gari linalofanyiwa kazi hutegemezwa kwa stendi imara, si jeki pekee. Gari lililoharibika halivutwi magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, kwa kuwa pampu haifanyi kazi na giaboksi huzunguka bila kulainishwa. Gari ambalo P haishiki huegeshwa kwa breki ya mkono na vizuizi vya magurudumu hadi litengenezwe.