Mpango wa mazoezi ya triathloni ya masafa marefu

Mpango wa mazoezi ya triathloni ya masafa marefu ni ratiba inayomwandaa mwanamichezo, kwa miezi kadhaa hadi mwaka mzima, kwa mashindano ya siku moja yanayounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Umbali unaojulikana zaidi ni ule wa Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na mbio za kilomita 42.2, moja baada ya nyingine. Kwa kawaida mshiriki hupewa takriban saa 17 kumaliza yote, na anayechelewa kutoka majini au kushuka kwenye baiskeli huondolewa. Kwa hiyo washiriki wengi hawagombei ushindi. Wanachotafuta ni kufika kabla ya muda kwisha, tena bila kuumia.

Historia

Ironman ya kwanza ilifanyika tarehe 18 Februari 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, nchini Marekani. Watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Mwezi Februari 1982 Julie Moss, aliyekuwa akiongoza kwa upande wa wanawake, aliishiwa nguvu karibu na mwisho, akaanguka mara kadhaa, akapitwa na Kathleen McCartney na kumaliza kwa kutambaa. Picha hizo za televisheni zilieneza sifa za mchezo huu. Zilionyesha pia jinsi mwili unavyokuwa akiba yake inapokwisha.

Wazo la kugawa mwaka wa mazoezi katika vipindi ni la zamani kuliko triathloni yenyewe. Lilielezwa kwa mapana na Lev Matveyev wa Umoja wa Kisovyeti katika miaka ya 1960, na baadaye likaletwa kwa wanatriathloni wa kawaida na makocha kama Mmarekani Joe Friel.

Vipindi vya mpango

Mpango huandikwa kuanzia mwisho. Siku ya mashindano huwekwa alama kwenye kalenda, kisha wiki huhesabiwa kurudi nyuma, mara nyingi 24 hadi 30 kwa mtu ambaye tayari ana afya njema na mazoea ya kufanya mazoezi.

Kipindi cha msingi ndicho kirefu zaidi, na ndicho kinachodharauliwa zaidi. Sehemu kubwa ya mazoezi hufanywa polepole, kwa kasi ambayo mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Sababu yake ni kwamba viungo vya mwili havibadiliki kwa mwendo mmoja. Moyo, mapafu na damu huanza kuzoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Mtu huanza kujisikia ana nguvu kabla miguu yake haijawa tayari, naye huongeza umbali. Hapo ndipo majeraha mengi huanzia. Walio hatarini zaidi ni waogeleaji na waendesha baiskeli wazuri: pumzi ya kukimbia saa 2 wanayo, ila miguu yao haijazoea kishindo cha hatua.

Kwa sababu hiyo mzigo huongezwa kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3, kisha hufuata wiki moja nyepesi. Wiki hiyo haipaswi kuhesabiwa kuwa ni uvivu, kwani mwili hujijenga wakati wa kupumzika.

Kipindi cha kujenga hufuata, na mazoezi huanza kufanana na mashindano. Safari ya baiskeli ya mwisho wa wiki hufika saa 5 au 6, na mara nyingine mtu hushuka na kukimbia papo hapo dakika 20 hadi 30 ili miguu izoee badiliko hilo. Baiskeli huchukua karibu nusu ya muda wote wa mazoezi, kwani huchukua karibu nusu ya muda wa mashindano. Mbio ndefu, kinyume chake, mara chache huzidi saa 3, maana uchovu wake huharibu mazoezi ya siku zinazofuata. Katika kuogelea, anayeanza hufaidika zaidi kwa kurekebisha mtindo kuliko kwa kuongeza umbali, na lazima azoee maji ya wazi, ambako hakuna mstari wa kufuata chini.

Wengi hujipima kwa nusu ya umbali wiki kadhaa kabla. Mwaka 2022 mashindano ya nusu ya Ironman yalifanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari.

Wiki 2 hivi za mwisho ni za kupunguza. Muda wa mazoezi hushushwa kwa asilimia 40 hadi 60, lakini vipande vichache vya kasi hubaki.

Chakula na maji

Tumbo nalo hufundishwa. Akiba ya wanga mwilini haitoshi kwa siku nzima, hivyo katika safari ndefu mwanamichezo hujizoeza kula gramu 60 hivi za wanga kwa saa. Wengine hufika 90 kwa kuchanganya glukosi na fruktosi. Kunywa maji kupita kiasi ni hatari kama kukosa maji: sodiamu katika damu hushuka, na hali hiyo inaweza kuua.

Dalili za kuzidiwa

Mapigo ya moyo ya asubuhi yanayopanda kwa siku kadhaa, usingizi mbovu, hasira zisizo na sababu, mafua yasiyokwisha, na kwa wanawake kukosa hedhi, ni dalili kwamba mzigo umezidi. Ratiba hubadilishwa siku hiyohiyo. Zoezi lililokosekana kwa ugonjwa au kazi halilipwi kwa kufanya mawili kesho yake. Maumivu ya kifua au kuzimia huhitaji daktari kabla ya zoezi lolote jingine.

Baada ya mashindano, wiki 2 hadi 4 huachwa bila ratiba. Kuogelea taratibu na kutembea huruhusiwa, na kukimbia hurudishwa mwisho.