Safu ya Lugha: Pima

Pwani ya Kilwa, pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, takriban futi 6. Nahodha akiingia bandarini huteremsha bildi, yaani uzito uliofungwa kwenye kamba, kisha huhesabu pima za kamba iliyolowa. Kina cha maji hakibadiliki kwa kupimwa. Katika fizikia ya kwanta neno "kupima" limebeba zaidi: kwa maelezo yaliyozoeleka, chembe haina jibu moja hadi ipimwe, na kipimo chenyewe huigeuza hali yake. Wanaoandika "kukadiria" hapo wanakosea. Anayekadiria ni mvuvi atazamaye rangi ya maji tu. Saa za atomi ndani ya setilaiti za GPS hutegemea kipimo hicho cha kwanta: tangu 1967, sekunde ni mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa sesiamu.